Subiri, Nimeshika Nati

Kila asubuhi, kabla sijaosha hata uso vizuri, kazi yangu ilikuwa kuihamisha nyumba yetu kipande kimoja kimoja.

Tangu Mama ahamie kwa mama mdogo, kule chini mteremko wetu unakoishia, kila siku aliagiza kitu. Alianza na mto wake wa kulalia. Ukafuata pasi, kisha chujio la chai, kisha mashine ya kushonea, ambayo ni nzito kama dhambi. Lori lilikuwa mimi. Nashuka na mzigo kichwani, nakunywa chai ya mama mdogo, napanda na ujumbe.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya kigoda cha jikoni. Sijafika hata kwenye ngazi za mama mdogo, mlango ukafunguliwa. Mama huyo hapo mlangoni, gauni la kutokea, viatu vya kufunga, mkoba begani.

"Hicho kigoda kiache hapo, kitakuja baadaye," akasema. "Ingia ukanichukulie mashine. Tunarudi."

"Tunarudi wapi, Mama?"

"Kwani una nyumba ngapi, mwanangu? Baba yako ameniomba vizuri. Na mimi si jiwe."

Baba alikuwa hajaomba kitu.

Kama gazeti la wiki jana, lililobeba mwanzo wa kisa hiki, ulifutia vioo kabla hujalisoma, sikulaumu. Kisa chenyewe ni hiki. Baba yangu alikuwa dereva wa kampuni ya kuchimba visima. Alipostaafu walimpa shukrani, wakampa na pikapu lao bovu, lile la kupanda milima, ambalo lilikuwa limelala uani kwao hadi likaota nyasi ndani ya bodi. Akalivuta mpaka kwetu. Akang'oa kamba ya nguo ya Mama, akaliegesha hapo, akaanza kulifumua. Siku moja mvua ilipotishia, akaiingiza gia boksi ndani na kuilaza juu ya meza ya kulia chakula, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma Mama kwa mkono wake.

Mama alirudi kutoka sokoni. Akaitazama gia boksi, ikiidondoshea oili meza yake kidogo kidogo. Akatoka nje, akasimama mbele ya miguu miwili iliyokuwa imechomoza chini ya pikapu.

"Chagua," akasema. "Mimi au hili."

Ile miguu ikajibu: "Subiri, nimeshika nati."

Mama hakusubiri. Alichukua mto wake akateremka.

Tangu siku hiyo walikuwa hawajasemeshana, ila kwa kupitia kwangu. Na hapa ndipo balaa langu lilipoanzia, kwa sababu chuoni nilisomea ukalimani. Kwa sasa natafsiri vile vijikaratasi vinavyokuja ndani ya maboksi ya pasi na majiko, vya "usitumbukize kifaa hiki majini." Naona haya hata kubisha hodi nyumbani kwetu, kwa hiyo kazi ya karatasi inanifaa. Somo la kwanza tulilofundishwa lilikuwa hili: mkalimani haongezi, hapunguzi. Nilifaulu vizuri sana somo hilo.

Sasa sikiliza nilivyofanya kazi.

Baba alisema, "Muulize mama yako zile glavu za bustani kaziweka wapi." Nikateremka nikafikisha: "Baba anasema mikono yake siku hizi haina wa kuiangalia."

Mama akajibu, "Mwambie ziko alikoziacha, na akili yake iko hapohapo." Nikapanda nikafikisha: "Mama anasema jihadhari na mikono yako."

Nilijiambia si uongo. Ni tafsiri huru.

Basi jana yake Baba alikuwa ameniambia, "Muulize mama yako ile mashine yake inapita kwenye ngozi?" Alikuwa anawaza ngozi ya kiti cha gari. Nami njiani nikawaza, nikawaza, na nilipofika chini nilisema: "Baba anakutengenezea kiti chako mwenyewe, Mama. Anasema nyumba bila wewe ni kama injini bila oili. Inawaka, lakini inajila."

Hiyo ya oili niliionea fahari njia nzima. Mama aliposikia aliinuka kwenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi. Nikajua imeingia.

Sikujua imeingia kiasi cha kuvaa viatu vya kufunga.

Mama mdogo akanisaidia kujitwika mashine. "Mpeleke polepole," akaninong'oneza. "Tangu jana anaimba bafuni. Mimi mwenyewe nimeogopa."

Tukaanza kupanda. Mama ana goti baya. Kila baada ya nyumba kadhaa anasimama, anajifanya anatazama maua ya watu. Mimi nikisimama, mashine inanizamisha shingo mabegani.

"Hebu niambie," akasema kwenye maua ya kwanza. "Hiyo ya oili, aliisema anatazama wapi?"

"Alikuwa chini ya gari, Mama."

Akacheka peke yake. "Ndiye huyo. Usoni hasemi. Mpaka ajifunike chuma."

Kwenye maua ya pili akasema, "Unajua alivyoniposa? Alimtuma kaka yake. Yeye alikaa nje anakagua tairi."

Nikatamani barabara inimeze, na mashine ibaki juu kama kumbukumbu yangu.

Tukaingia getini.

Kwanza tulimkuta Mshauri. Huyu ni jirani na rafiki wa Baba, na tunamwita hivyo kwa sababu tangu tumfahamu hajawahi kugusa spana, lakini hakuna boliti inayokazwa bila maoni yake. Hukaa juu ya kreti tupu ya soda, kijiti mdomoni, na kivuli kikihama na yeye anahama na kreti yake.

"Shemeji," akasema. "Umerudi kulifurahia?"

Mama alikuwa analitazama pikapu.

Nikiri kwamba hata mimi nililiona upya, kwa macho yake. Mama aliondoka likiwa mifupa. Sasa lilikuwa limesimama. Limesimama mno. Baba alikuwa amelifunga springi mpya ndefu na tairi kubwa zenye meno, likapanda juu kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mbele kwenye bampa amechomelea winchi yenye waya wa chuma, ya kujivutia likikwama. Ubavuni, kutoka kwenye boneti mpaka usawa wa paa, amepandisha bomba nene jeusi la kuvutia hewa, hata jirani mmoja aliwahi kuuliza pua ile ni ya kunusa nini.

Baba akatoka chini kwa mgongo, kama mende aliyepuliziwa dawa. Akamwona Mama. Akasimama. Akajifuta mikono kwenye ovaroli, ikawa michafu zaidi. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie mama yako karibu."

Mama alikuwa amesimama hapo, hata mkono ungemfikia.

"Mwambie baba yako nimekaribia," Mama akasema, na mdomo ukamcheza pembeni.

"Mama anasema..."

"Nimesikia," Baba akasema.

Nikatua mashine. Moyo ukanipa matumaini, mjinga yule.

Mama akauendea mlango wa abiria, akakione kiti chake. Kitasa kilikuwa usawa wa kidevu chake. Akafungua, akashika ukingo wa mlango, akainua mguu. Mguu ukafika nusu ya safari, goti likakataa. Akashusha. Akakung'uta gauni kana kwamba ndicho alichotaka kufanya. Akajaribu tena, goti likakataa tena.

"Shemeji, shika pale juu," Mshauri akashauri, "halafu ujirushe."

"Nijirushe, mimi mpira?"

Nikakimbilia jikoni kutafuta kigoda. Nikafika mlangoni nikakumbuka kigoda kiko wapi, na nani alikipeleka.

Nilipogeuka, Mama alikuwa anachungulia ndani ya gari. Mahali pa kiti cha abiria palikuwa na matundu manne ya boliti na kitambaa cha kufutia oili.

"Mbona limepanda hivi?" akaniuliza mimi.

"Mwambie ni springi," Baba akaniambia mimi. Na hapo akachangamka, maskini, kwa kuwa ameulizwa kitu anachokijua. "Springi mpya, na tairi. Sasa hata jiwe la ukubwa wa sufuria linapita chini, haligusi kitu."

"Nami nitapandaje?"

Baba akafikiri. Nilimwona akifikiri. Angeweza kusema lolote. Akasema:

"Kwa mguu wa kushoto kwanza."

Hata Mshauri alifumba macho.

Mama akafunga mlango wa gari taratibu, bila kuubamiza. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ya gia boksi. Akamgeukia Baba mwenyewe.

"Wewe," akasema, "uliyesema nyumba bila mimi ni injini bila oili. Ndiyo ukanitengenezea gari la twiga?"

Uso wa Baba ukabadilika. "Injini bila oili?" Akaruka kwenye boneti. "Nani kaiwasha injini bila oili? Nimesema mtu asiguse ufunguo."

"Hukusema?"

"Kusema nini?"

"Kwamba inajila."

"Bila oili itajila, ndiyo, hata mtoto anajua. Lakini nani kaiwasha?"

Mama akashusha mkoba kutoka begani, akaushika kwa mikono miwili.

"Na ile ya mikono yako haina wa kuiangalia?"

"Mikono yangu ina nini?" Baba akaitazama. Kisha kitu kikamgonga na yeye. "Ngoja. Wewe hukusema chai ya kule haina ladha kwa sababu huna wa kumlalamikia?"

"Mimi?" Mama akasema. "Chai ya mdogo wangu ni nzuri kuliko ya humu ndani."

Wakageuka wote wawili kunitazama. Mshauri naye akageuka, na kreti yake.

Kichwani mwangu hakukuwa na kitu isipokuwa usitumbukize kifaa hiki majini. Ningetumbukia hata ndooni.

"Niliongeza kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani?" Mama akauliza.

"Yote, Mama."

Nilitegemea anigombeze. Angenigombeza ningepona. Badala yake alinitazama kwa upole, akasema kwa sauti ndogo, "Maneno yale mimi nilikuwa nalala nayo, mwanangu."

Kisha akamtazama Baba, akalitazama pikapu kuanzia tairi hadi paa.

"Basi. Mwenye gari ameshasema, na kwa kweli alishasema siku nyingi. Gari la kunibeba mimi lingekuwa na mahali pa kukanyaga." Akavaa mkoba begani. "Jitwike mashine, twende."

Baba alifungua mdomo. Nilimsubiri. Nadhani sote tulimsubiri, hata winchi. Akaufunga.

Nikajitwika mashine.

Kushuka hatukusimama kwenye maua ya mtu yeyote. Goti lilikuwa linamuuma, nilimwona anavyotembea, lakini hakusimama. Nyuma yake nilikuwa nalia kimyakimya, na ukiwa na mashine ya kushonea kichwani huwezi hata kufuta kamasi.

Mama mdogo alitufungulia. Alipoiona mashine imerudi, akanisaidia kuitua.

"Kesho usilete kitu," Mama akaniambia. "Kesho nitatuma lori la kweli. Lije lichukue kabati."

Nikueleze kuhusu kabati. Lile lenye kioo ndilo kabati la Mama. Aliingia nalo katika nyumba ile akiwa bibi harusi, na nusu ya nguo za Baba zimo humo. Mto ni hasira. Pasi na chujio ni maringo. Kabati likitoka, Mama ametoka.

Nilipanda peke yangu. Nilimkuta Mshauri amekaa kimya, jambo ambalo lilinitisha kuliko yote. Baba alikuwa amerudi chini ya gari. Miguu miwili, viatu vya kazi.

"Kasema nini?" miguu ikauliza.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilifikisha ujumbe kama ulivyo.

"Kesho anatuma lori lije lichukue kabati. Sijaongeza, sijapunguza."

Spana iliyokuwa inagongagonga ikanyamaza. Nikasikia anapumua.

"Mwambie," akasema. Akakohoa. "Mwambie springi za zamani zilikuwa zinagonga lile jiwe."

"Jiwe gani, Baba?"

"Lile la kivukoni. Pale mto unapokata njia, kabla ya kilima cha kwa bibi yako."

Nikakaa chini. Nilikaa juu ya oili, gauni langu lina ushuhuda mpaka leo.

Bibi ninayemsema ni mama yake Mama. Anaishi juu kabisa, mwisho wa njia mbaya, ambako magari yote huishia mtoni, yanakushusha, unavuka kwa miguu na kupanda mwenyewe. Tangu goti liharibike, Mama hajapanda. Bibi naye hashuki, mwili umemchoka. Wanazungumza kwa simu tu, na Bibi hupiga kelele kwenye simu kana kwamba mtandao haupo na sauti itafika yenyewe. Akikata, Mama hubaki ameishika simu mkononi muda mrefu, kisha anasema vitunguu vinamwasha macho, hata kama hajamenya.

Nikainua uso nikalitazama pikapu.

Lile bomba refu la hewa ni la mto, maji yakipanda injini isinywe. Ile winchi ni ya kilima, mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Springi ni za lile jiwe. Na kile kiti alichotaka kukishonea ngozi, kiti kimoja tu, cha upande wa abiria, ni cha goti.

Mimi na elimu yangu nilikuwa nadhani baba yangu amepatwa na wazimu wa wastaafu. Kumbe kila alichokifunga pale kilikuwa kipande cha njia ya kwa Bibi. Amekumbuka mto, amekumbuka jiwe, amekumbuka utelezi. Akasahau kwamba mtu huanza kwa kupanda.

"Baba," nikasema. "Mama anajua hili gari ni la kwenda wapi?"

"Si analiona."

"Anaona nini?"

"Anaona lina bomba la mtoni." Sauti ilikuwa na mshangao wa kweli. "Sasa mimi nina mto gani mwingine?"

Mshauri akatoa kijiti mdomoni. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nimekaa hapa tangu mwanzo, na nilijua unataka kwenda kuvua."

Baba akajivuta nje. Uso wote oili, macho mekundu, labda ni kutu. Akaniangalia.

"Basi mbio, mkalimani. Kamwambie."

Nilikuwa nimeshainuka. Miguu ilikuwa imeshaanza, kwa mazoea. Nilikuwa hata nimeanza kuyapamba kichwani: Baba anasema amekujengea barabara, Mama. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko ya oili.

Nikasimama.

"Siendi," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Mimi nikiletewa chai ya chumvi nainywa yote na kushukuru.

"Huendi?"

"Siendi, Baba. Kaseme mwenyewe. Nikiupeleka mimi hatauamini, na ana haki. Mimi nimefukuzwa kazi."

Baba akamtazama Mshauri, kama mtu anayetafuta rufaa. Mshauri akatazama mawingu.

"Niende na ovaroli hili," Baba akasema, "nikasimame mlangoni kwa shemeji yangu, watu wananiangalia, nianze... nianzeje?"

"Anza na salamu," Mshauri akasema.

"Halafu?"

"Mimi huwa naishia hapo."

Baba akazunguka pikapu. Akaligonga tairi kwa kiatu. Niliona wazo linavyomwingia, na sikulipenda.

"Litajisemea lenyewe," akasema. "Nitaliegesha mlangoni kwake. Akiliona linatembea ataelewa."

"Halina bomba la moshi," nikasema. "Litaunguruma mpaka kwa Bibi wasikie."

"Lina injini."

"Stata iko kwa fundi umeme."

"Mteremko upo. Likisukumwa litashika."

"Breki?"

"Zipo." Akasita. "Ila zinafikiria kwanza."

Nikaingia, maana siwezi kumwacha baba yangu afe peke yake. Nilipandaje? Kwa mguu wa kushoto kwanza, na kwa kuchanika pindo. Nikakaa juu ya kreti ya Mshauri, kwa kuwa kiti hakikuwepo. Na Mshauri, baada ya kunyang'anywa kreti, alibaki hana la kufanya zaidi ya lile ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Akaweka mikono nyuma ya bodi, akasukuma. Nilimwona kwenye kioo. Alisukuma kwa machozi.

Pikapu likatoka getini. Likainamisha pua. Likaanza kuteremka lenyewe, kimya, huku Baba ameuma mdomo. Akaachia klachi.

Sijui niifananishe na nini sauti ile. Pikapu liliruka, likapiga chafya ya moshi, kisha likanguruma kwa namna ambayo vioo vya nyumba za watu viliitikia. Kuku walitimka. Mwanamume mmoja alitoka nje na povu la kunyolea nusu ya uso. Mimi nilijifunika uso kwa mikono, halafu nikaifunua, kwa sababu kreti ilikuwa inatembea na bila kushika kitu ningetokea dirishani.

Kwa mama mdogo breki zilifikiria. Tukapita ngazi, tukapita ua, tukasimama kwenye kibanda cha kuku. Baba akarudi nyuma polepole mpaka mlangoni.

Mama mdogo alikuwa ameshatoka, mikono masikioni.

"Shemeji, hili ni gari au ni ndege?" Nilimsoma midomo.

Baba akachungulia dirishani. "Mwambie dada yako," akaanza, kwa sauti yake ileile ya kila siku, ya mtu anayeongea na boliti.

"Sisikii."

"Mwambie dada yako."

"Nini? Zima hiyo kitu."

Hakuweza kuzima. Mlangoni kwa mama mdogo mteremko umeisha, ni tambarare mpaka barabara kuu. Injini ikizimwa pale bila stata, pikapu litalala mlangoni kwa shemeji yake kama mlevi, na mtaa mzima utapita kulitazama. Dereva wa visima hawezi kuonwa hivyo.

Dirisha la chumba cha nyuma likafunguka. Mama. Alitutazama tu.

Baba akashika mlango, akatoa nusu ya mwili nje, akapiga kelele, yeye ambaye simu tu huipokea kwa kunong'ona.

"Ni la kwenda kwa mama yako."

Mwenye povu, kule juu, nadhani alisikia. Watu walikuwa wamejaa milangoni.

Mama akaweka kiganja sikioni. "Sema tena."

"Gari. Ni la kwenda kwa mama yako. Lile jiwe la mtoni halitaligusa. Nimelipimia jiwe lile."

Nilimtazama Mama vizuri. Alikuwa amesikia. Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza, niliona kidevu chake.

"Sisikii," akasema. "Injini inasema sana. Nataka kusikia mtu."

Akatoweka dirishani.

Baba akabaki na mikono kwenye usukani. Akautazama ufunguo. Nami niliutazama. Nilijua kilichomo kichwani mwake: tambarare ile, stata iliyo kwa fundi, watu wote wale.

Akaugeuza.

Pikapu likatetemeka, likakohoa, likafa. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mpaka nikasikia oili inadondoka.

Baba akashuka. Kumbe muda wote alikuwa na spana mfukoni. Akaitoa, akaitazama, akailaza juu ya boneti. Akabaki hana kitu mikononi, na mikono ikawa haijui pa kukaa.

Mama akatokea mlangoni. Akashuka ngazi moja, akasimama na goti lake. Nyuma yake mama mdogo akaja na kile kigoda cha jikoni, amekikumbatia kifuani, macho yanaruka kutoka kwa dada yake hadi kwenye ule mlango mrefu wa pikapu.

"Dada," akanong'ona, "nikiweke?"

"Subiri," Mama akasema. Hakumwondolea Baba macho.

Baba akanigeukia mimi, kwa mazoea. Nikageuza uso, nikaanza kusoma namba ya kreti.

Akajikohoza. Akavua kofia.

"Ile ya injini bila oili sikuisema mimi," akasema, na alikuwa anamtazama yeye. "Lakini ndivyo ilivyo. Inajila. Na ile nati nimeiachia, mke wangu. Rudi nyumbani."